Usingizi wa Bosi

Saa tatu na robo asubuhi mizani ilisoma kilo nne na gramu mia mbili, na kinyozi akaikataa.

"Hiyo mizani ina njaa," alisema. "Bosi wangu hapungui kilo sita. Muulize yeyote anayekalia kiti changu."

"Hayo ni manyoya, jirani," binti yangu alimjibu. Alimwinua Bosi, paka wa kinyozi, akasubiri mizani irudi sifuri, akampima tena. Namba ileile. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano kwa uzito huo, si kwa uzito wa majivuno.

Tofauti ile si ndogo. Nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, ikiwa ya mvuke unaweza kuipunguza mgonjwa akizidiwa. Ya sindano ikishaingia kwenye msuli imeingia. Mwili wenyewe ndio utakaoiondoa, kwa muda wake. Kliniki yetu ya vyumba viwili haina mashine ya mvuke. Ina mtungi wa oksijeni, taa nzuri na mimi, daktari wa wanyama tangu binti yangu akiwa mtoto wa kubebwa. Siku hiyo yeye, akiwa na leseni mpya, alikuwa anahasi paka bila mkono wangu kwa mara ya kwanza. Tulikubaliana nikae pembeni, nisiguse kitu. Nikilazimika kumwokoa paka, tungerudi kufanya kazi wawili. Akimaliza mwenyewe, chumba cha upasuaji ni chake.

Alimchoma pajani. Bosi alitoa tusi moja refu, akarudishwa kwenye kikapu chake, akafunikwa.

Duka la kinyozi limepakana nasi, na redio yake ilipenya ukutani kana kwamba imewekwa mezani petu. Kwa hesabu zetu paka alipaswa kuwa amelala. Hakulala. Kila alipoinamisha kichwa, alikiinua tena.

"Dawa imegoma," kinyozi alisema kutoka mlangoni. "Muongezee, daktari mdogo. Huyu si paka wa mchezo."

Hapo ndipo hatari ilipo. Dozi ya kwanza bado inafanya kazi, mtu anakosa subira, anaongeza ya pili. Kisha nguvu za zote mbili zinakutana na pumzi inakata. Najua hayo yote, na bado mkono wangu uliniwasha. Niliukalia.

Binti yangu hakugusa bomba. Alikuwa anatazama masikio ya paka. Yote mawili yalielekea ukutani.

"Jirani, nenda kazime redio."

"Redio? Bosi amelelewa na hiyo redio!"

"Ndiyo maana anaisikiliza."

Nilicheka, ingawa sikutakiwa hata kukohoa. Kinyozi alikwenda akinung'unika kwamba wateja watamkimbia. Redio ilikatika katikati ya wimbo. Bosi aliinua kichwa mara moja, akakilaza, hakukiinua tena. Binti yangu alimbana kidole cha mguu wa nyuma, mguu haukuvutwa. Akampaka dawa ya kulainisha macho, maana kwa usingizi huo macho hubaki wazi na hukauka, kisha akaanza.

Korodani ya kwanza ilikuwa imeshatolewa pale kifua cha paka kilipoacha kupanda. Nilisimama.

"Mama, kaa," alisema bila kugeuka.

Alikuwa ameshamnyoosha shingo na kuuvuta ulimi mbele. Aliweka barakoa ya oksijeni, akabonyeza kifaa cha kusikilizia moyo ubavuni. "Moyo unakwenda vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Kifua kikapanda. Kikashuka, kikapanda tena. Aliendelea kukitazama mpaka pumzi zikalingana, ndipo akamalizia kazi. Nami nikakaa.

Kinyozi alitaka kumbeba paka papo hapo.

"Sikupi paka asiyejua yuko wapi," binti yangu alimwambia. Alimzungushia Bosi chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo, akapunguza taa.

"Daktari, huyu mwanao mkali," kinyozi alininong'oneza.

"Mkali sana," nilisema, na sikumwombea radhi.

Ilipokaribia saa saba Bosi aliketi, akayumba, akasimama kwa miguu yote minne na kumkwaruza kinyozi kidoleni. Binti yangu alimkabidhi kikapu, akanawa mikono, akauliza nani anafuata.

Nilikwenda kumfungulia mgonjwa wake mlango.