Pazia la Chumba cha Nyuma

Kwenye fomu ya dalali, pale palipouliza kama muuzaji anajua mpango wowote wa ujenzi jirani na nyumba, mshonaji alikuwa ameshaandika: Hakuna. Barua ya halmashauri, iliyosema nyuma ya ukuta wake itajengwa stendi ya mabasi, aliisukumia chini ya droo ya vifungo.

Angekuwa mnunuzi mwingine, angesema kweli. Lakini huyu alikuwa muuguzi, aliyeolewa na mwanamume ambaye miaka sita nyuma alimvisha mshonaji mwenyewe pete ya uchumba. Tena pete nyembamba kama waya. Ya muuguzi ilikuwa na kito.

"Dada, nimekuletea kazi," muuguzi alisema, akivua viatu mlangoni kwa adabu iliyomuudhi mshonaji kuliko kiburi. "Mapazia yote unishonee wewe. Mume wangu kasema hakuna mkono kama wako."

"Kumbe bado anaukumbuka?"

"We! Anakumbuka hata ulivyomchoma sindano ukimpima suruali!"

Mshonaji akacheka cheko la meno. Wivu ulimuunguza kama pasi iliyosahauliwa juu ya hariri. Hata vichekesho vyake na yule mwanamume vilikuwa vimeshahamia kwa mwingine.

Akaanza kupima dirisha la chumba cha nyuma.

"Hapa weka kitambaa chepesi," muuguzi alisema. "Nafanya zamu za usiku, nalala mchana. Tunakokaa sasa tumepakana na mashine ya kusaga. Juzi, kwa usingizi, nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake."

"Chepesi hakifai," mshonaji alijibu, macho kwenye futi. "Chumba hiki kinataka kizito chenye bitana, la sivyo kelele zote zitaingia."

Ufundi ulikuwa umesema kabla yeye hajauziba mdomo.

"Kelele zipi, dada?"

Za mbwa. Za watoto. Uongo ulikuwa tele. Lakini macho ya muuguzi yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mshonaji akaenda kuvuta droo.

Muuguzi aliisoma barua mara mbili. "Dalali anajua?"

"Hajui. Nilimficha na yeye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mnunuzi ni wewe."

Muuguzi akaikunja barua. Kisha akasema taratibu, "Hatuwezi kuinunua. Ila mume wangu aliniambia, yule hata umkasirishe vipi, hawezi kukudhuru."

Afadhali angempiga kofi. Hata wema wake ulikuwa umezungumzwa kitandani kwao! Mshonaji akaifuta "Hakuna" kwa mistari miwili, akaandika "stendi ya mabasi".

"Kamwambie nilitaka kukudhuru. Wiki nzima nilitaka. Kamwambie hanijui."

Muuguzi akamrudishia barua.

"Simwambii," alisema. "Hili tunalijua mimi na wewe tu."

Mshonaji akavuta kiti cha cherehani, akamsogezea. "Basi kaa kidogo, mdogo wangu. Una safari ndefu ya kurudi kwenye ile mashine yenu."