Chai ya Upepo wa Westray

Kinu cha upepo cha kufua umeme nilichokijenga nyuma ya banda la kondoo nilikipa jina la mama mkwe wangu, Merran, kwa sababu kama yeye, hakinyamazi. Mwenyewe alicheka, akakipenda. Sasa siku upepo ulipokatika, jambo la nadra kwenye kisiwa chetu hapa Orkney, akagoma kunywa chai.

"Umeme uliochemsha chai hii umetoka wapi?"

"Kwa kampuni mpya, mama. Ile ya gesi tumeihama. Hawa wanauza umeme wa upepo mtupu."

"Upepo wa nani?"

"Kwani upepo una mwenyewe, jamani?"

"Mimi sinywi chai ya upepo wa watu!"

Nikapandwa na hasira. Mke wangu, Thora, akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Mama, vinu vyao viko Westray," alisema. "Kwenye kile kilima nyuma ya kwenu."

Mama mkwe hajakanyaga kisiwani kwao tangu amzike kaka yake. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

Kesho yake upepo ukarudi, na kinu changu kikaanza kelele zake. Nikampelekea chai. Akaonja, akakunja uso.

"Ya jana ilikuwa tamu zaidi."