Habari za Sumaili

Kila juma, kabla mzazi yeyote hajagusa kitu, masomo yalianikwa juani. Octave aliyatoa makaratasi kwenye mkoba wa ngozi, akayatundika kwenye kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili za nyumba ya wasafiri, kisha akajitenga na kusubiri. Hesabu, jiografia, imla ya Kifaransa, yote yalipepea mbele ya wazazi wa Kabambare waliokaa kimya wakiyatazama. Muuguzi wa Serikali alikuwa amesema kwamba jua huua ugonjwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yake, jua likapewa kazi hiyo. Watu wazima walingoja makaratasi yakauke, na hayakuwa na tone la maji.

Shule ya bweni ilikuwa Kasongo, safari ya siku mbili kwa baiskeli. Homa ya uti wa mgongo ilipoingia mabwenini, daktari Mbelgiji aliamuru vijana wazima warudi makwao, na wagonjwa wabaki lazareti, nyumba ya kuwatenga iliyokuwa nyuma ya shule. Mtihani wa mwisho wa mwaka haukuahirishwa. Padri mkuu akaamua basi kwamba masomo yawafuate vijana majumbani, na kwamba kila njia ipewe mwalimu wake wa kuyapeleka na kuwapasha wazazi habari. Njia ya Kabambare ilimwangukia Octave, mwalimu msaidizi, mzaliwa wa Nyangwe, kapera mwenye miguu ya kuendesha baiskeli.

Octave aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Darasani alikuwa mdogo wa walimu wote. Huku njiani yeye ndiye aliyekuwa shule. Aliyoambiwa na Padri aliyasema vilevile, hakuongeza wala hakupunguza, maana alikuwa mtu wa kunyoosha maneno yake kama anavyonyoosha mashati yake. Raphaël, mkulima aliyekuwa na kijana wa darasa la mwisho, alipomwuliza yeye mwenyewe aonavyo, shule itafunguliwa lini, Octave alimjibu kwamba yeye hakutumwa kuona. Wazazi walicheka, lakini walimwamini.

Mwamvita alikuja kila juma ingawa hakuwa na kijana nyumbani wa kumpelekea karatasi. Mwanawe, Sumaili, alikuwa lazareti. Alikuwa mjane, muuza vitumbua, mmoja wa Waislamu wachache wa mji ule waliothubutu kumpeleka mtoto shule ya mapadri. Jamaa walimsema sana, wakamwambia mtoto atarudi na msalaba shingoni. Aliyemsimamia ni ndugu yake wa tumbo moja, Ramazani, kabla hajaenda Salamabila kuchimba dhahabu ya Wazungu. Sasa mama huyu alikaa pembeni, ubao wa chuo cha Kurani mapajani, na Octave alipoisoma imla kwa sauti ili vijana waandike, naye aliandika. Hakujua Kifaransa. Aliandika sauti alizozisikia kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni, ili Sumaili akipona asikute wenzake wamemwacha nyuma. Jioni aliyanakili maneno hayo kwenye karatasi za kufungia sukari na kuyahifadhi. Vijana walimtania kwamba atafanya mtihani, naye akawajibu kwamba atawapita. Baada ya imla aliuliza habari za mwanawe, na Octave akampa kama alivyozipokea: homa imeshuka kidogo, shingo bado imekaza, amekunywa uji.

Juma moja Octave akiwa Kasongo, Sumaili alifariki. Padri mkuu alimwita ofisini, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwambia amwarifu mama. Kwa Padri yalikuwa maneno machache ya kupelekwa kwa baiskeli kama mengine. Kwa watu wa Kabambare hayakuwa hivyo, na Octave alilijua hilo vizuri. Mama haambiwi kifo cha mtoto wake na mgeni. Anayemwambia ni mjomba wa mtoto, ndugu wa mama, na mjomba akishasema haondoki: hukaa kwenye mkeka mlangoni mpaka matanga yaanuliwe, akimsimulia kila ajaye kutoa pole jinsi ilivyokuwa. Mama aliyeambiwa na mpita njia huhesabiwa kuwa hana mtu duniani.

Kwa hiyo Octave alimtumia Ramazani neno kwa dereva aliyekuwa akipeleka chumvi Salamabila. Jibu lilirudi na dereva yuleyule: ugonjwa umefika huko pia, kambi imefungwa, na hakuna mchimbaji anayeruhusiwa kutoka. Ramazani alikuwa amelia kwenye kizuizi cha barabara, akasema asubiriwe.

Octave akasubiri. Juma lile alisimama mbele ya wazazi, akasoma tangazo la shule, akasoma imla, na Mwamvita alipouliza habari za mwanawe, alijibu kwamba anatunzwa. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilotoka kwa Padri, na lilikuwa uongo. Mwamvita alimshukuru, akamwomba juma lijalo asome polepole zaidi, kwa kuwa baadhi ya maneno yalimpita.

Naye juma lililofuata alisoma polepole zaidi. Mtu anaweza kumlaumu. Mimi simlaumu sana, kwa sababu aliyemzuia ni adabu, na adabu ile ilikuwa ya mama yule mwenyewe. Lakini kidogo namlaumu. Aliendelea kumsomea mwanamke yule mito ya Ulaya na majina ya wafalme wa Ubelgiji, akimwona anavyoinama na kuandika, mtoto akiwa udongoni. Usiku hakulala, na kula alikula kwa kujilazimisha. Kila alipofika kwenye mteremko wa mwisho wa Kabambare alishuka akaisukuma baiskeli kwa mkono, mahali ambapo zamani aliiachia ikimbie.

Kisha ugonjwa ukaisha Kasongo. Shule ikatangaza kufunguliwa, na safari hii Octave alikuja na lori la kuwachukua vijana, liondoke kesho yake asubuhi. Wazazi walipiga vigelegele. Raphaël alimkumbatia mbele za watu. Njia ya Salamabila peke yake ndiyo ilikuwa bado imefungwa. Mwamvita alimjia dereva wa lori la shule, akaulizia nafasi: na yeye anakwenda Kasongo, akamwone mwanawe, ampelekee nguo na masomo yake. Dereva hakujua lolote. Akamwambia nafasi ipo.

Octave alizunguka uwanja wa soko mpaka watu wakaanza kumtazama. Alijua kitakachotokea: lori litasimama mbele ya shule, vijana waliobaki kule watakimbia kulipokea, na mmoja wao, kwa huruma tu, atamwambia mama yule pole kabla hajashuka. Akageuka, akaifuata njia ya nyumbani kwa Mwamvita.

Alimkuta ukumbini akikunja nguo.

"Karibu, Mwalimu," Mwamvita alisema. "Angalia hii kanzu. Itamutosha bado? Pengine mutoto amerefuka."

"Mama Sumaili, weka kanzu chini."

Mwamvita hakuuliza kuna nini. Alimtazama, akatazama mlango nyuma yake, kisha akauliza, "Kaka yangu iko wapi?"

"Iko Salamabila. Nilimwita. Wamefunga njia."

"Basi usiseme."

"Nikinyamaza, kesho utapanda kamiyo."

Alikaa chini, kanzu bado mikononi. Nje kuku walikuwa wakiparua kando ya ukuta, na mtu alipita akisalimu asiitikiwe. Octave alibaki amesimama, kofia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu apewe njia ile hakuwa na maneno ya mtu mwingine ya kusema.

"Sema," Mwamvita alisema.

"Sumaili amekufa, mama. Mwezi uliopita."

 Mwamvita hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mwezi uliopita ulikuwa kabla au baada ya ile imla ndefu ya mito. Octave akamwambia ilikuwa kabla. Mwamvita akaitikia kwa kichwa.

"Ulinisomea," alisema, "na mimi nikaandika."

Octave alitamani mama yule amtukane. Alitamani ampige. Mwamvita alimaliza kuikunja kanzu, akailaza juu ya nguo nyingine, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kikavuka ua, wanawake wa jirani wakaacha vyungu vyao motoni wakaja mbio. Octave alijisogeza kuelekea mlangoni awapishe. Alidhani kazi yake imekwisha, tena imekwisha vibaya.

"Unaenda wapi?" Mwamvita alimwuliza katikati ya machozi. "Wewe ndiye umesema. Kaa."

Akakaa. Wanawake walitazamana, mtu wa Nyangwe, Mkristo, mtumishi wa mapadri, kwenye mkeka wa mjomba. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Asubuhi lori lilipiga honi sokoni. Octave alikuwa amemwomba Raphaël awasindikize vijana, amwambie Padri mkuu kwamba mwalimu wa njia ya Kabambare amefiwa. Padri angelichukuliaje jambo hilo, na kazi ingekuwepo au isingekuwepo, hakujua. Aliwasikia vijana wakiimba lori likipanda mlima, na akaendelea kusikiliza hata walipokuwa hawasikiki tena.

Wanaume walianza kuingia. Wa kwanza alikuwa mzee Moustapha wa msikitini, mmoja wa wale waliomsema Mwamvita zamani. Alivua viatu, akaketi mbele ya Octave, akampa mkono wa pole, kisha akangoja. Octave akakohoa, akasema kwa utaratibu: Sumaili mwana wa Mwamvita, mwanafunzi wa darasa la tatu, aliugua homa ya uti wa mgongo, alitunzwa lazareti, na pamoja na juhudi za daktari alifariki.

Mzee Moustapha aliendelea kungoja.

"Hiyo ni habari ya shule," alisema mwishowe, bila ukali. "Sisi tunangoja habari ya mutoto."

Octave aliinamisha kichwa. Kisha akaanza upya, sasa kwa sauti ya chini. Alieleza kwamba walimu walikatazwa kuingia lazareti, ila siku ile alikuwa amesimama dirishani. Ilikuwa mchana, joto kali. Sumaili aliomba maji. Mlinzi wa lazareti, Hemedi, mtu mzima asiye na haraka, aliinama kuyachota, kofia yake ikamtoka kichwani ikatumbukia ndooni. Hemedi aliitoa, akaikamua, akaivaa ilivyo mbichi, maji yakamtiririka usoni mpaka ndevuni. Sumaili alicheka. Shingo haikuweza kugeuka, alicheka kwa macho na kwa mabega. Akamwambia Hemedi kwamba sasa amepata udhu bila kutaka. Hemedi akamletea maji mengine, akanywa, akalala, na hakuamka. Hemedi ndiye aliyemwosha, akamsalia peke yake, maana hakukuwa na mwingine wa dini yake.

Mzee Moustapha alifuta uso kwa kiganja. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wameacha kulia, walikuwa wakisikiliza.

"Kaka," sauti ya Mwamvita ilitoka nyuma ya pazia.

"Naam."

"Rudia hapo."

"Wapi, dada?"

"Hapo alipocheka."

Octave akarudia.