Picha ya Kahawia ya Dereva Mwape

Mwape hakufungwa na mtu. Lori aliloishi ndani yake halikuwa hata na mlango upande wa dereva. Ulishaliwa na kutu ukadondoka, naye akauegemeza vizuri kwenye gurudumu usije ukaibiwa. Mtu wa kushika njia angeshika njia. Yeye alikuwa anaingia mwaka wa tatu pale pale, kwenye kiwanja kitupu cha Ruashi, pembezoni mwa mji, nyasi zikichipuka hadi ndani ya injini.

Lilimfia akitoka kwao Kilwa, kule ziwani, na shehena ya samaki. Samaki wakauzwa. Mwenye lori, patroni Casimir, akaja, akapiga tairi teke, akaahidi kipuri, akasema: «Baki nayo. Pièce iko inakuya. Boulon moja ikikosekana, utaniambia.»

Na dereva yeyote wa barabara ile anajua maana ya «utaniambia»: bolti moja tu ikipotea, anashikwa yeye. Mukuka, rafiki yake, aliacha lori lake bovu kwenda mazishini tu. Kurudi, giaboksi haipo, na hadi leo yuko gerezani. Basi Mwape akabaki. Alilala kwenye kiti, akaanika mashati kwenye bodi, akala kwa kuosha pikipiki za majirani huku jicho likiwa kwenye lori. Chanda, mkewe, alikuwa Kilwa na watoto. Kila akipiga simu kuuliza lini, jibu lilikuwa lile lile: pièce iko inakuya. Zamani Mwape alilisema kwa kujiamini. Siku hizi alilisema haraka haraka, aibu isije ikasikika.

Asubuhi moja akaja binti mwenye kamera ya miguu mitatu. Jina lake Falonne, na kazi yake ilikuwa kupiga picha malori na matingatinga yaliyochakaa, kisha kuzigeuza rangi ya kahawia kama picha za enzi za mababu, watu wenye nazo wakanunua na kutundika ukutani. Mwape alicheka hadi akakohoa. Kutu hii hii?

«Baba, toka kwanza pale,» Falonne akamwambia. «Muntu anaharibisha foto.»

Akatoka, lakini wazo lilishamwingia. Patroni haji kuona, basi aonyeshwe. Alione lori lilivyooza, amwone na dereva alivyochakaa, pengine aingiwe na huruma, amwambie nenda zako nyumbani.

«Moja tu, mama,» akamwomba. «Niko ndani, ku volant.»

Falonne akakubali shingo upande. Mwape akavaa shati safi, akashika usukani, akatazama mbele kwa uso mzito wa mtu anayetaka kuhurumiwa. Na picha hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ikatundikwa mjini, ikaanza kuruka simu kwa simu.

Patroni akaiona, maana alipiga simu. Mwape alisimama wima kumpokea.

«Mwape! Camion yangu iko muzuri vile? Bantu bakubwa banaisifu! Usiiguse. Usikate hata majani. Ikae vile vile.»

«Na mie, patron?»

«Weye uko muzuri mu foto. Baki pale.»

Simu ikakatwa. Mwape alirudi kwenye kiti chake, akijilaumu kwa ujanja wake wa kijinga. Aliipeleka simu kuchajiwa kwenye kibanda cha jirani, ukingoni mwa kiwanja, na kwa hasira akaiacha huko siku kadhaa.

Alipoifuata na kuiwasha, iliita kabla hajaondoka kibandani. Ni Chanda. Nyuma yake wanawake wengi walikuwa wakiomboleza.

«Nani anashika simu ya bwana yangu?» akauliza.

«Ni mie, Mama Nono,» Mwape akajibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Chanda akapiga yowe. Ilichukua muda kuelewana. Picha ilikuwa imefika Kilwa bila neno lolote, ya kahawia, Mwape kakaa kimya uso mzito. Na kwao, mtu akirushiwa uso wa ndugu uliofifishwa rangi namna ile, haulizi, anatandika mkeka wa matanga. Walipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Wakaanza kilio.

«Niko muzima!» Mwape akapaza sauti hadi mwenye kibanda akageuka. «Mama Nono, niko muzima!»

«Kama uko muzima, kuya.» Chanda alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. «Kuya leo. Bantu bote beko hapa. Bakuone na macho.»

Mwape alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, na miguu ilishageuka kuelekea barabara ya Kasomeno, ile ile iendayo nyumbani. Kisha akalitazama lori kule kiwanjani. Hapakuwa na mtu karibu nalo. Hofu ikampanda, hofu ya bure aliyoizoea kuliko alivyomzoea mkewe.

«Nitaacha motokari na nani?» akauliza.

Wanawake nyuma ya Chanda walikuwa wamenyamaza, wakingoja kuambiwa. Mwape akamsikia akigeuza uso kutoka kwenye simu na kuwaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

«Mulie tu, bamama. Ni ya kweli, alikufa.»