Yai Moja kati ya Matano

"Nitakupigia saa tatu asubuhi," mtaalamu wa maabara alimwambia fundi cherehani. "Kabla ya hapo usinitafute." Lakini saa kumi na mbili tu simu ilikuwa juu ya cherehani, sauti imefunguliwa yote.

Fundi huyo alikuwa na miaka thelathini na tisa, kumi na mmoja ya ndoa, bila mtoto. Jana yake madaktari walimtoa mayai matano, wakayakutanisha na mbegu za mumewe, fundi bomba, kwenye kisahani cha maabara.

"Matatu yamekubali," mtaalamu akasema. "Kila moja bado ni seli moja. Sasa tusubiri zigawanyike."

Kesho yake: "Mawili yamefika seli nne nne. La tatu limegoma."

"Limegoma vipi?"

"Halikugawanyika, dada. Hutokea."

Siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile.

Siku ya tatu, saa tatu ikapita kimya. Simu ilipolia, alikuwa wifi yake, anaulizia sketi.

"Wifi, kata simu!"

"Mbona unanifukuza kama kuku?"

"Kata, nitakushonea mbili!"

Ikaita tena papo hapo, sasa ni mtaalamu. Moja lilikuwa na seli nane, zuri kabisa. Jingine lilibaki na zilezile nne.

Mumewe aliporudi kula mchana alimkuta anafagia chumba kilichokwishafagiwa.

"Keti basi, mke wangu. Haraka haraka haina baraka."

"Usimwambie hivyo aliye kwenye kisahani! Yeye namtaka awe na haraka."

Siku ya tano akaitwa. Seli zilikuwa hazihesabiki tena. Yai lile sasa lilikuwa kiinitete, mwanzo wa mtoto; wakampandikiza hicho kimoja, na siku kumi na mbili baadaye kipimo cha damu kikasema ana mimba. Hata hapo hakutulia. Alitembea akishika kuta, akaogopa hata kupiga chafya.

Wiki ya saba daktari alimpima kwa mashine ya picha, akasogeza kifaa huku na huku. Fundi cherehani akambana mumewe mkono.

"Nini? Umesimama moyo wake?"

"Nahesabu," daktari akasema. "Mioyo ni miwili."

"Si mliweka kimoja?" fundi bomba akaruka.

"Kimoja. Kilipoingia kikagawanyika, kikawa viwili. Ni nadra, lakini hutokea. Hao ni mapacha wa kufanana."

Fundi bomba alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mkewe hakucheka.

"Hawatabanana? Chakula kitawatosha? Nirudi lini?"

"Wiki mbili."

"Nyingi mno, daktari. Kesho kutwa?"

Wakakubaliana wiki moja, na kila wiki alifika kabla mlango haujafunguliwa.

Walizaliwa wasichana, wadogo, wenye sauti kali. Muuguzi aliwapima uzito, wote salama. Mama yao akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Hebu wapime tena."