Nyumba Isiyo na Pembe

Mama mkubwa alipitisha kiganja kwenye ukingo wa meza yetu, taratibu, kama mtu anayetafuta vumbi la kulalamikia. Akahamia kwenye kabati, kisha kwenye kitanda changu, kisha kwenye fremu ya mlango. Kila mahali mkono wake uliteleza. Baba alikuwa ameziondoa pembe zote za nyumba ile kwa randa na msasa, hata za kigoda cha bafuni, mpaka zikawa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika.

"Mtu hafuti nyayo kama hakupita," alisema. Hakumwambia baba, wala mimi. Aliuambia ukuta.

Kisha akaliburuta sanduku lake la mbao hadi chumbani kwangu, akaliegesha chini ya dirisha. Lilikuwa la zamani, limepigwa bati kwenye pembe, na pembe zile zilikuwa kali. Alikuja nalo likiwa nusu tupu. Ile nusu tupu ilikuwa ya nguo zangu.

Nilikuwa na miaka tisa na mkono kwenye plasta. Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya mkono ulikuwa mguu, na kabla ya mguu mfupa wa mtulinga, begani, na katikati hapo ulivunjika ubavu nilipopiga chafya, jambo ambalo hakuna aliyelisadiki. Mama alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo tulikuwa mimi na baba tu, na mtoto wa kike anayevunjika ovyo katika nyumba ya mwanamume mpweke huwapa watu kazi ya kufikiri. Muuguzi wa zahanati alimwuliza baba swali lile lile kwa njia tofauti. Baba akamjibu kwa maneno yale yale: "Sikumfanya kitu."

Hakuwa msemaji. Alikuwa seremala, na nusu ya maisha yake aliipitisha akiwa na misumari midomoni.

"Siku plasta hiyo ikikatwa, mtoto anaondoka na mimi," mama mkubwa alimwambia jioni ile. "Ukikataa, shemeji, tutakutana mbele ya sheria. Mdogo wangu nimeshamzika. Mwanawe sitamzika."

Baba alitazama sahani yake. Angegombana ningeelewa. Alichofanya ni kuondoka mezani na kwenda karakana, na muda si muda tukaisikia randa.

Sasa nimeupita umri aliokufa nao mama. Weupe wa macho yangu bado una ubuluu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji, na wanaonifahamu hukaa upande wangu wa kulia wakitaka niwasikie. Nikizikumbuka wiki zile, maumivu siyakumbuki hata kidogo. Nakumbuka kuangaliwa.

Mama mkubwa alilala kwenye mkeka mlangoni pangu, miguu nje, kichwa ndani. Alisimama kwenye mlango wa karakana akisingizia kuota jua, macho yakiwa kwenye mikono ya baba. Akinisuka nywele alinihoji kwa sauti tamu, ile ya kumwita kuku unayetaka kumchinja.

"Baba yako akikasirika hufanyaje?"

"Hunyamaza."

"Ahaa," alisema, na kile kitana kikasimama kwa muda.

Ahaa ile ilinikaa. Shaka haibishi hodi. Siku moja unakuta imeshakaa sebuleni na imekunja miguu. Nikaanza na mimi kumwangalia baba. Niliitazama mikono yake mipana, kucha ya dole gumba iliyokuwa nyeusi kwa kupigwa nyundo. Alikuwa na desturi ya kuingia nikiwa nimelala kunipandishia mkono juu ya mto. Nilianza kujifanya nimelala, nikimchungulia kwa kope, nikingoja kuona kama kweli alikuja kuupandisha mkono tu. Kila mara aliupandisha mkono tu. Na kila mara nilijiambia, labda amejua kwamba niko macho.

Jioni moja aliniletea maziwa. Aliponinyooshea kikombe, nilijikunyata.

Aliona. Alikiweka kikombe mezani, akakisogeza karibu nami kwa kidole kimoja, akatoka. Katika mifupa yote niliyowahi kuvunja, hakuna uliouma kama uso wake wa jioni ile.

Siku ya kukatwa plasta ikafika. Muuguzi aliikata asubuhi, mkono ukatoka mwembamba na wenye magamba, na tulipofika nyumbani mama mkubwa akaanza kupanga nguo zangu sandukuni. Baba alikuwa karakana. Randa haikusikika. Mama mkubwa alinivalisha gauni la safari, la mikono mirefu, na kwa kuwa mkono ulikuwa mgeni alinishika kwa upole kabisa, vidole viwili tu, akauvuta kupitia mkono wa gauni.

Mfupa ulilia kama kijiti kikavu kikivunjika.

Mimi nilipiga yowe, lakini yeye alinishinda. Baba aliingia na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Mama mkubwa alikuwa amenyanyua mikono yake miwili juu, kama mtu aliyeambiwa asimame hapo hapo.

"Sikumfanya kitu! Haki ya Mungu, shemeji, sikumfanya kitu!"

Baba alimtazama. Sentensi ile aliijua kuliko mtu yeyote duniani, na siku ile angeweza kumrudishia na riba. Nilingoja aseme.

"Najua, shemeji," alisema. "Mshikilie kiwiko. Usikinyooshe."

Safari hii hatukurudi zahanati. Tulikwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa mifupa, mwanamke mwenye miwani, ambaye chumbani kwake kulining'inia kiunzi cha mifupa cha plastiki kilichopungukiwa kidole. Aliitazama picha ya eksirei, kisha akaiacha, akanivuta kope chini na kuyatazama macho yangu kwa muda mrefu zaidi.

"Mfupa una madini ya kuupa ugumu," alituambia, "na ndani yake mna nyuzi za kuushikilia. Bila nyuzi, mfupa ni chaki. Za huyu zilitoka na kasoro tangu tumboni. Hata kukumbatiwa kunaweza kumvunja."

Akalikunja sikio langu, likarudi lilivyokuwa.

"Hili ni gegedu. Linapinda, halivunjiki. Mifupa yako karibu yote ilianza hivi, ulipokuwa tumboni."

"Haiwezi kurudi ikawa hivyo?" baba aliuliza. Ndilo swali lake pekee siku ile.

"Hapana, baba. Hataweza kusimama." Akawageukia wote wawili. "Yuko mwingine katika ukoo mwenye macho haya?"

Mama mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, karibu na kile kiunzi.

"Mdogo wangu. Mama yake."

"Naye alikuwa akivunjika?"

"Utotoni. Akakua, ikapungua." Aliugeukia mkono wa kile kiunzi. "Tulisema ni baba yetu anampiga. Nyumba nzima, tulisema ni baba. Amekufa tukiwa hatumsemeshi."

Baba alivuta kiti, akamwekea nyuma ya magoti, na mama mkubwa akaketi bila kutazama kama kiti kipo.

Siku iliyofuata niliamka mchana kwa mkwaruzo wa msasa. Ulikuwa karibu mno, haukutoka karakana. Mama mkubwa alikuwa ameketi sakafuni chumbani kwangu, miguu ameinyoosha. Nguo zangu zilikuwa zimerudi kwenye kabati. Bati za pembe za sanduku alikuwa ameshazing'oa, zimelala pembeni na misumari yake, na sasa alikuwa akiisugua mbao kwa hasira, huku na huko, kama anayekwangua ukoko wa sufuria.

Baba alisimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Fuata nyuzi za mbao, shemeji," alisema. "Usizikate."

Mama mkubwa akapangusa uso kwa bega, akaugeuza mkono, akaendelea kusugua.