Maji Hayamo Kwenye Fomu

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi yake tangu saa moja asubuhi, shingo inamuuma, rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi. Jana kamaliza kuta za ngazi za jengo. Leo ni korido ya ghorofa ya nne, na mkaguzi wa zimamoto anakuja saa sita.

"Kaza mkono, fundi!" msimamizi wa jengo alimpigia kelele. "Na usivipake hivyo vinyunyizio vya moto hapo darini. Rangi ikiziba, maji hayatoki."

Hilo alilijua. Kuna nyumba aliipaka mwaka jana, jiko likashika moto. Kinyunyizio kimoja darini kikapasuka kwa joto, maji yakashuka yenyewe, moto ukafa kabla watu hawajamaliza kupiga mayowe. Likaungua pazia tu. Ndiyo maana alimhamishia mama yake hapa, chumba cha mwisho korido hii hii, na magoti yake mabovu. "Mama, hapa hata usipoweza kukimbia, maji yatakukimbilia."

Akakivisha kinyunyizio cha kwanza mfuko wa nailoni, akauzungusha ubane. Kikang'oka. Kizima, mkononi.

Akafumba macho akisubiri maji. Hamna. Akatazama juu. Hakuna tundu, hakuna bomba. Gundi tu, duara, kama alama ya kikombe mezani.

Akasogeza ngazi, akavuta cha pili. Gundi. Cha tatu. Gundi.

"Msimamizi! Hivi ni vitu gani?"

"Shusha sauti. Vimebandikwa kwa muda tu."

"Muda gani? Mama yangu analala humu miezi minane sasa!"

"Muulize mwenye nyumba. Mimi kazi yangu kufagia na kufunga geti. Virudishe, gundi iko stoo."

Mkaguzi alifika saa sita na nusu, shati limenyooshwa, faili kwapani. Akainua uso, akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Vitatu vilivyong'oka msimamizi alishavibandika.

"Mzee, vuta kimoja," fundi alisema.

"Kijana, mimi mkaguzi, si mvutaji." Msimamizi akacheka mpaka akashika tumbo. "Fomu inauliza vipo au havipo. Vipo."

"Na maji?"

"Maji hayamo kwenye fomu."

Akasaini, faili kaliegemeza kwenye ngazi ya fundi.

Fundi akaenda chumba cha mwisho. Mama yake alikuwa kitandani anashona kifungo.

"Mama, panda mgongoni. Shika simu, hesabu dakika."

"Umelewa mchana huu? Tunahama?"

"Tuhamie wapi? Panda."

Wakashuka. Mama, kwa kuogopa kuanguka, alijishikiza ukutani, na rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Kila baada ya hatua chache, kiganja. Ghorofa nne za viganja.

"Rangi! Jamani, rangi!" msimamizi alilia nyuma yao.

Getini mkaguzi alikuwa anafungua mlango wa gari. Fundi akasimama mbele yake, jasho linamchuruzika, mama bado mgongoni.

"Ngapi, mama?"

"Tisa. Umepumzika mara tatu."

"Dakika tisa," fundi alimwambia mkaguzi. "Na hakuna moshi. Andika na hiyo."

Mkaguzi akafungua faili, akaipitishia macho fomu juu mpaka chini, akalifunga.

Gari likaondoka. Mama akafuta kiganja chake cheupe kwenye shati la mwanawe.

"Haya, baba," akasema. "Sasa huko juu nitarudije?"